Malkia wa Farasi wa Kuazima: Siku za Cheyenne

Ijumaa

Kutoka Fort Collins, Colorado, hadi Cheyenne, Wyoming, nchini Marekani, gari dogo halimalizi saa nzima. Ukiwa na pikapu inayovuta trela la farasi, na upepo unakupiga ubavuni, unaenda mwendo ambao upepo umekuruhusu. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Mimi nilikuwa kwenye usukani, malkia wa rodeo pembeni yangu na vikunjio vya nywele kichwani, na mama yake kiti cha nyuma, mguu ukiwa kwenye plasta.

Mguu huo ndio ulionipa safari hii. Siku zote mama ndiye dereva wa binti yake, ndiye mpiga pasi, ndiye mweka hesabu. Mimi ni saisi. Nilianza kazi ya farasi mazizini Ngong, karibu na Nairobi, na sasa nahudumia farasi katika zizi ambalo familia hii inamweka wa kwao. Waliponiomba niwashike mkono wiki ya Cheyenne, nilikubali hapo hapo. Farasi nawajua. Nilichotaka kukijua ni taji.

Malkia ana miaka 21, anasomea kilimo, na jioni anahudumia meza mkahawani ili alipie mafuta ya gari. Jina lake naliacha. Ni malkia wa rodeo wa kaunti moja kaskazini mwa Colorado, na taji ni la mwaka mmoja. Juu ya ngazi hiyo kuna malkia wa jimbo, na juu ya majimbo kuna Miss Rodeo America, anayechaguliwa Las Vegas kila Desemba, wakati ule ule wa fainali za taifa za rodeo. Anayepanda ngazi hiyo hupimwa sura na mavazi, hupimwa namna anavyozungumza na watu, na hupimwa upandaji farasi. Huandika mtihani wa kanuni za rodeo na wa afya ya farasi. Huulizwa maswali jukwaani bila kuonyeshwa kabla. Na katika upandaji hupewa farasi asiyemjua, ampande mbele ya waamuzi kwa mizunguko iliyopangwa. Hilo la mwisho ndilo linalomnyima usingizi huyu wetu, kwa sababu mwakani anataka kugombea jimbo.

Kwa asiyewahi kuiona, rodeo ni mashindano yaliyotokana na kazi za wachunga ng'ombe: kukaa sekunde 8 juu ya farasi anayeruka au fahali, kumnasa ndama kwa kitanzi, kumwangusha maksai kwa mikono mitupu, kuzungusha farasi mapipa matatu kwa kasi. Cheyenne Frontier Days ilianza Septemba 1897. Siku hizi inachukua siku kumi mwishoni mwa Julai, na wenyeji wanaiita baba wa rodeo zote. Mji wenyewe uko zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, juu kidogo ya Nairobi, na hewa yake ya alfajiri ilinikumbusha Ngong mwezi wa saba. Ila upepo wa huku haupumziki.

Jumamosi

Tumelala kwenye sehemu ya mbele ya trela, yenye vitanda. Saa tisa na nusu usiku taa ikawashwa.

Kofia ya malkia wa rodeo haitakiwi kudondoka, na kazi ya asubuhi nzima inazunguka hapo. Nywele zinafunguliwa, zinachambuliwa, zinajazwa, zinapuliziwa dawa mpaka hazitikisiki. Halafu inakuja kofia ya manyoya yaliyogandamizwa, taji limefungwa mbele kwa waya mwembamba, na mama anapitisha pini ndefu kwenye ukanda wa ndani wa kofia, anazizamisha kwenye nywele. Pini moja ilimgusa ngozi, nikaona jicho likifumba. Hakusema kitu. "Tikisa," mama akasema, naye akatikisa kichwa mbele, nyuma, ubavuni. Kofia haikusogea. Ikafuata suruali ya jinzi iliyopigwa pasi kwa wanga, buti, glavu, na mwisho mshipi wa begani wenye jina la kaunti yake.

Mimi nilikuwa nje na farasi wake, dume aliyehasiwa, mweusi, mtulivu. Nilimpiga brashi, nikampaka mafuta kwato, nikamkagua mgongo kabla ya tandiko. Malkia alipotoka, na urembo wote ule, kitu cha kwanza alichofanya ni kuinua mguu mmoja mmoja wa farasi na kutazama chini ya ukwato, ingawa aliniona nimeshatazama. Nikampa heshima yangu saa ile ile. Mpanda farasi asiyekubali kuambiwa tu kwamba kwato ziko salama, huyo amefundwa.

Gwaride lilianza saa tatu, katikati ya mji, karibu na jengo la bunge la jimbo lenye kuba la dhahabu. Yakapita magari ya kukokotwa ya karne ya 19, yametunzwa mpaka njiti za magurudumu zinang'aa, na bendi, na wasichana wa kikundi cha Dandies waliobeba bendera. Akapita Miss Frontier, malkia wa Cheyenne yenyewe, amevaa ngozi nyeupe yenye vishada. Pembeni yake alikuwa binti anayemfuata. Utaratibu wa hapa ni kwamba anayechaguliwa hutumika mwaka mmoja chini ya mwenye taji, ndipo arithi taji hilo. Naupenda sana utaratibu huu. Mtu anajifunza mzigo kabla ya kutwishwa.

Niliyekuja kumtazama alikuwa nyuma zaidi, miongoni mwa wageni. Nilitembea kando ya barabara sambamba naye na ndoo ya maji, na nikaona jambo ambalo mtu aliyekaa sehemu moja halioni. Macho yake yalikuwa na zamu. Kwanza watoto waliokaa ukingoni mwa barabara, kisha wazee kwenye viti vya kukunja, kisha watu wa madirishani na ghorofani, halafu anarudi kwa watoto. Mkono ulipunga muda wote, lakini kila alipopunga alikuwa anamtazama mtu. Huku mkono wa kushoto unaongea na farasi kwa hatamu, maana bendi moja ilikuwa na ngoma kubwa na masikio ya yule mweusi yalikuwa yamekwisha kugeuka nyuma.

Baada ya gwaride alisimama juani kutia saini picha zake. Kila mtoto aliulizwa jina, na jina likaandikwa. Foleni ilipoisha vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwenye kalamu, akavinyoosha kimoja kimoja kwa mkono mwingine.

Jumapili

Ibada ya asubuhi, kisha nyumba ya wazee.

Kuna mzee pale aliyewahi kuwa mtupa kamba. Haongei tena vizuri. Malkia alipiga magoti mbele ya kiti chake cha magurudumu, akainua kidevu ili ukingo wa kofia usimkinge mzee uso, akaomba amuonyeshe anavyoshika kamba. Mzee akakunja vidole kwenye mkanda wa joho lake la kulalia, kidole gumba juu. Malkia akaurekebisha mkono wake mwenyewe ili amuige. Walikaa hivyo muda mrefu kuliko ratiba ilivyoruhusu, na mama, anayepigania ratiba siku nzima, hakutazama saa.

Jumatatu

Siku ya pankeki. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ya wiki hii mji unalisha watu bure kwenye uwanja ulio mbele ya stesheni ya zamani ya reli. Watu wanafika kwa maelfu, na uji wa unga unakorogewa kwenye lori la kuchanganyia zege. Nimelisogelea nikaliona kwa macho yangu. Wapishi wanarusha pankeki hewani kutoka kwenye bamba la moto na vijana wa skauti wanazidaka.

Malkia alikuwa akizunguka na sahani, akiwapelekea wasioweza kusimama foleni. Hapo nikasikia Kiswahili. Familia ya Kikongo, wakaaji wa Greeley, Colorado, wamekuja na bibi yao kutoka milima ya juu ya Uvira, watu wa ng'ombe. Nikasalimia, "Shikamoo bibi," bibi akashika mkono wangu akawa hauachii. Wajukuu wanajua Kiingereza, lakini bibi alitaka mtu mzima amfasirie.

Alimtazama malkia toka buti hadi taji, akauliza: "Uyu binti iko na ngombe ngapi kwao?"

Nikafasiri. Nilitarajia binti acheke, kwa sababu wengi wangecheka. Hakucheka. Alifikiri, akajibu kwamba kwao wana majike 62 ya kuzaa, madume mawili, na kwamba mwaka huu wamepoteza ndama watatu kwa theluji ya majira ya kuchipua. Bibi akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli aliposikia ndama. Akauliza rangi zao. Akauliza kama wana pembe. Akauliza nani anakamua, na aliposikia hawakamuliwi, kwamba maziwa yote ni ya ndama na ng'ombe ni wa nyama, akanyamaza kidogo, kisha akasema ndio maana nchi hii ina ng'ombe wanene na watu wenye haraka. Nilifasiri hilo pia. Malkia aliomba nimwambie bibi kwamba baba yake husema karibu hivyo hivyo.

Wakaagana kwa bibi kumwekea kiganja usoni. Miezi yote niliyomjua binti huyu sijaona mtu akimhoji vizuri kuliko bibi yule, na hao ni pamoja na waandishi wa redio.

Jumanne

Gwaride tena asubuhi. Mchana malkia alipewa saa chache za kupumzika, na badala ya kulala akanipeleka kwenye jumba la makumbusho lililo pembeni ya uwanja, Old West Museum. Alisema hawezi kunifanya nielewe taji bila kunionyesha wanawake waliokuwapo kabla ya taji. Naandika hapa alichonifundisha pamoja na nilichokwishasoma.

Mwanzoni wanawake walikuwa washindani. Mwaka 1904, hapa Cheyenne, Bertha Kaepernik alipanda farasi mkaidi uwanja ukiwa tope. Mwaka huo huo, uwanja huo huo, Bill Pickett, kauboi mweusi kutoka Texas, aliwaonyesha watu namna yake ya kumwangusha maksai: anaruka kutoka juu ya farasi, anamshika pembe, anamng'ata mdomo mpaka analala chini. Mchezo wa kuangusha maksai unaochezwa kila mchana wiki hii umetoka kwake, ingawa kung'ata hakupo tena. Wanawake na weusi walikuwa ndani ya mchezo huu tangu siku zake za kwanza, na nilisimama mbele ya picha zile nikiwa na furaha na uchungu kwa pamoja.

Bonnie McCarroll alishinda Cheyenne mwaka 1922. Septemba 1929, kwenye rodeo ya Pendleton, Oregon, farasi alianguka naye, akaburutwa na kukanyagwa mbele ya watazamaji, akafa siku chache baadaye. Pendleton ikafuta mashindano ya wanawake ya farasi wakaidi. Rodeo nyingine zikafuata moja baada ya nyingine katika miaka ya shida ya uchumi. Mwaka 1931 Cheyenne ikamvika taji Miss Frontier wa kwanza, Jean Nimmo.

Tazama miaka hiyo miwili, 1929 na 1931, ilivyokaribiana. Sisemi mtu mmoja alikaa mezani akapanga kubadilishana tandiko kwa taji. Lakini ndivyo mambo yalivyokwenda: mlango wa mashindano ulipokuwa unafungwa, mlango wa urembo ulikuwa unafunguliwa, na jambo hilo lilitokea katika Wyoming, mahali palipowapa wanawake kura mapema, Desemba 1869. Wanaume walikuwa wakivunjika shingo viwanjani nao, na hakuna aliyefikiri kuwafungia nje.

Wanawake hawakukaa kimya. Mwaka 1948, San Angelo, Texas, 38 kati yao waliunda chama chao wenyewe, na mbio za mapipa zikajengwa na chama hicho mpaka zikawa sehemu ya kila rodeo kubwa. Siku hizi wanatupa kamba pia. Nao malkia, kila mmoja kwa mwaka wake, wameendelea kuingia uwanjani kwa kasi na bendera mkononi.

Malkia alinionyesha vikuku vya tandiko moja la zamani, pale mpandaji anapotia miguu, na jinsi vilivyokuwa vikifungwa pamoja chini ya tumbo la farasi ili mwanamke asipepesuke. Vilimshikilia juu, na farasi akianguka vilimzuia kutoka. Alieleza huku anavishika, akavivuta kuonyesha nafasi ilivyo ndogo. "Walidhani wanatusaidia," alisema.

Jumatano

Ndege za kijeshi za Thunderbirds hutumbuiza hapa Jumatano ya wiki hii. Zilianza kuja mwaka 1953. Kwa watu ni sherehe. Kwa saisi ni saa nzima ya kushika kamba na kusema maneno ya upole kwenye sikio la mnyama aliyeumbwa kukimbia. Yule mweusi alitetemeka ngozi ya bega lakini hakunivuta.

Mchana kulikuwa na mazungumzo na watoto wa kambi ya likizo. Mwalimu mmoja kijana aliuliza swali ambalo malkia hulipata kila mahali: je, si kweli kwamba farasi wanaruka kwa sababu wamefungwa kamba sehemu za siri?

Malkia alikuwa amekuja na mkanda wenyewe mfukoni, ule anaofungwa farasi wa kuruka. Akaupitisha kwa watoto waushike. Upande unaogusa tumbo una manyoya ya kondoo, na fungio lake hufunguka kwa kuvuta mara moja. Akaonyesha kwa kidole juu ya farasi wake mahali unapokaa, mbele ya nyonga, mbali na hayo yanayosemwa. Akasema farasi wengi mahiri wa kuruka ni majike. Akaeleza kwamba chama cha rodeo cha wataalamu kina kanuni zaidi ya 60 za matunzo ya mifugo, kwamba daktari wa mifugo lazima awepo, kwamba meno ya spua, kile chuma cha kisigino cha buti, yawe butu. Hakusoma popote. Mwalimu akauliza kuhusu ndama wanaonaswa kwa kamba. Malkia akasema ndama hupata mshtuko, kwamba kuna adhabu kwa mshindani anayemvuta kwa nguvu kupita kiasi, na kwamba mtu akitazama na roho yake ikakataa, asilazimishwe kupenda.

Jibu hilo lilikuwa la haki. Mimi mwenyewe roho yangu inakataa. Naipenda rodeo kwa farasi wake, lakini kamba inapokaza na ndama akageuzwa hewani huwa natazama pembeni, na nimemwambia malkia hivyo. Hakujaribu kunibadilisha. Kazi yake ni kusema kilicho kweli kuhusu mchezo anaoupenda mbele ya watu wasioupenda, na hapo kupunga mkono hakumsaidii mtu, wala vito.

Jioni tulipita kwenye sanamu ya Lane Frost, nje ya uwanja. Alikuwa bingwa wa dunia wa kupanda mafahali. Tarehe 30 Julai 1989 alimaliza sekunde zake hapa, akashuka, fahali akamgonga mgongoni, akafa akiwa na miaka 25. Tangu hapo fulana za kinga zikawa jambo la kawaida kwa wapanda mafahali. Watu huacha vitu vidogo miguuni pa sanamu. Malkia alisimama mkono kifuani. Makauboi wawili waliokuwa pale walivua kofia. Yeye haivui, imefungwa kwenye nywele zake.

Alhamisi

Asubuhi watoto wenye ulemavu walipata rodeo yao. Farasi ni wa mbao, fahali ni pipa lililofungwa kamba na kutikiswa na makauboi wa kweli, maksai ni wa plastiki. Malkia alimhudumia mtoto mmoja baada ya mwingine, asubuhi yote. Msichana asiyeona alitaka kujua taji lilivyo, naye akainama mpaka vidole vya mtoto vikamaliza kulipapasa, ncha kwa ncha.

Ijumaa

Mvua ya mawe alasiri. Tulifunika farasi tukakaa ndani. Mama alifungua daftari la hesabu: mafuta, nyasi kavu, dawa ya nywele, wanga, nauli ya fundi wa kwato, ada ya kugombea jimbo mwakani. Upande wa mapato kuna mdhamini mmoja wa duka la malisho, bahati nasibu waliyoiendesha wenyewe, na bakshishi za mkahawani. Wengi wanaona shati linalometameta wakadhani ni binti wa tajiri. Shati lile limeshonwa na mama, jioni, miezi ya baridi, na kola nimeiona ikirudiwa kwa sindano wiki hii hii.

Jumamosi

Siku hii ndiyo ningetaka wote waione.

Mwenye mifugo mmoja, anayepeleka wanyama kwenye rodeo ndogo za vijijini, alikuwa amemwalika malkia kwenye rodeo ya mji mdogo mashariki mwa Wyoming: abebe bendera ya ufunguzi na asaidie kuondoa maksai uwanjani. Alikubali kwa sharti kwamba asilete farasi wake. Anataka kuzoea farasi wageni. Tulimwacha yule mweusi kwa jamaa wa Cheyenne, tukaenda na tandiko tu.

Tulifika jua likiwa limeshuka, tumechelewa kwa upepo. Farasi aliyeandaliwa alikuwa jike mwekundu, kifua kipana, jicho jepesi. Mwenye mifugo akasema, "Ana kasi. Hapendi kushikwa mdomo." Akaondoka, kwa sababu alikuwa na mafahali wa kupakua. Zilibaki dakika kumi.

Nilimvisha tandiko na nikamwona anavyokunja mkia. Malkia hakupanda. Alisimama mbele ya bega la yule jike, akampa mgongo wa mkono anuse, akamkuna palipoungana shingo na kifua mpaka mdomo wa chini ukalegea. Akamgeuza kushoto, akamgeuza kulia, akiwa chini bado. Akatazama lijamu, chuma cha mdomoni, akaomba nilegeze mnyororo wa kidevuni tundu moja. Ningelegeza mimi mwenyewe kama angenyamaza. Ndipo akapanda, akamtembeza mduara mmoja mdogo na hatamu zimelegea, akitumia miguu tu. Dakika zilikuwa zimekwisha.

Bendera ya taifa huingia mwisho. Mti wake unakaa kwenye kikombe kilichofungwa kwenye kikuku cha kulia, mkono wa kulia unaushika, na farasi yote inabaki kwa mkono wa kushoto. Lango lilipofunguka upepo wa Wyoming uliingia kwenye kitambaa kikajaa kama tanga, na nikaona bega lake likivutwa nyuma. Jike mwekundu alihisi uzito umehama, akaanza kukimbia pembeni badala ya mbele. Kama angemvuta mdomo, farasi yule angesimama kwa miguu ya nyuma, na mwanamke mwenye mti mkononi na pini kichwani angeanguka chini yake.

Hakuvuta. Alishusha mkono wa kushoto mpaka karibu na shingo, akasogeza kiuno mbele, akambana kwa mguu wa kulia, na farasi akanyooka. Wakapiga shoti uwanja mzima, bendera imenyooka nyuma yao, kona ya kwanza, kona ya pili, na kusimama katikati kwa hatua tatu. Wimbo wa taifa ulipoanza jike alikuwa anapumua kwa nguvu lakini miguu yake yote minne ilikuwa imetulia. Mimi nilikuwa langoni nimeshika nguzo. Mama alikuwa ameshika mkono wangu.

Watu walipiga makofi kwa bendera, kama ilivyo haki yao. Mwenye mifugo alikuwa amesimama juu ya kizimba na hakupiga makofi. Aliinua kidole kimoja kwenye ukingo wa kofia.

Kilichofuata kilikuwa kazi tupu. Kila mshindani alipomaliza, malkia na kauboi mmoja mzee waliingia kumsindikiza maksai hadi lango la kutokea. Inaonekana rahisi. Ukimkaribia haraka, maksai anageuka na kukimbilia vizimba. Ukichelewa, muda wa watu wote unapotea. Lazima ukae nyuma ya bega lake, upande wa uzio uachwe wazi, farasi wako asimame anaposimama yeye. Yule jike, ambaye dakika chache kabla alitaka kuruka, alitega masikio mbele akaanza kuipenda kazi. Kufika maksai wa mwisho malkia alikuwa haongozi tena kwa mkono. Vumbi lilikuwa limefunika vito vyote na lile taji halikuwa linang'aa hata kidogo. Kofia ilikuwa mahali pake.

Usiku, kabla ya kufungua pini, alimwogesha jike mgongo kwa sifongo, akamkagua mdomo kama umechubuka, akamtembeza mpaka jasho likakauka. Nilimwambia aniachie mimi, ndiyo kazi yangu. Akasema farasi ni wa kuazima, na aliyeazima ndiye anayerudisha.

Jumapili

Tulimchukua yule mweusi Cheyenne, tukaelekea kusini. Mama amelala. Malkia, nywele chini kwa mara ya kwanza wiki nzima, alikuwa anaandika kadi za shukrani kwenye goti: mwenye mifugo, wapishi wa pankeki, nyumba ya wazee, mwalimu wa swali gumu. Kila kadi ilikuwa na jambo lake, hakuna iliyorudia nyingine.

Alipomaliza akanipa kitabu cha maswali, nami nikawa namhoji kila tuliposimama. Mapigo ya moyo ya farasi mkubwa aliyepumzika? 28 hadi 44 kwa dakika. Mimba ya farasi? Karibu miezi kumi na mmoja. Fainali za taifa zilihamia Las Vegas lini? 1985. Nilimuuliza na yasiyokuwamo kitabuni, ya Kaepernik na Pickett, akayajibu yote, akasema angefurahi mwamuzi amuulize hayo.

Jumanne saa kumi na mbili asubuhi anatakiwa redioni, na jioni ana zamu mkahawani. Wiki ijayo ni maonyesho ya kilimo ya kaunti yake, na mwenye mifugo ameahidi kumletea yule jike mwekundu tena. Safari hii ameomba wafike mapema, apate mchana mzima naye, na ameniuliza kama nitapata ruhusa kazini. Nimeshaiomba.